Pikipiki ya Shamba Hainunuliwi Peke Yake

Na Mwandishi Wetu

Minada ya korosho inapoanza, aghalabu mwezi wa Oktoba, nyumba nyingi za Nachingwea na Ruangwa huwa na kikao cha familia. Mazao yamekwisha kupita kwenye chama cha msingi na kufika ghalani, yameuzwa chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika kinachowaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na sasa fedha zinangojewa. Yatatajwa mabati, yatatajwa mahitaji ya shule na deni la salfa, na kabla kikao hakijavunjika kijana mmoja atataja pikipiki. Ikiwa fedha hazitoshi, ndugu aliyeko kazini Dar es Salaam au Mtwara ataombwa aongezee kidogo. Kwa sababu hiyo makala haya yanamhusu mfanyakazi wa mjini sawasawa na mkulima mwenyewe.

Hakuna ubaya katika ombi la kijana huyo. Shamba liko mbali, mama mjamzito anahitaji kufika zahanati, na ufuta hauwezi kubebwa kichwani hadi ghalani. Ubaya uko katika hesabu. Familia hupiga hesabu ya chombo, ikasahau mwendeshaji.

Nachingwea ina kumbukumbu yake juu ya jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kwa wingi, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa miti, na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Lakini udongo na mvua havikuwa vimechunguzwa vya kutosha, wala mafundi na madereva hawakuwa wameandaliwa. Mwaka 1951 mpango ulivunjwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Reli nayo iling'olewa baadaye. Mashine zilitangulia, maandalizi yakafuata nyuma, na hayakuzifikia kamwe.

Turudi kwa kijana wetu. Mara nyingi hufundishwa na rafiki yake kwa jioni moja: hii klachi, hii gia, hii moto, haya twende. Anajifunza kuondoka kabla ya kujifunza kusimama. Tena huambiwa asiiguse breki ya mbele kwa kuwa "itamrusha". Huo ndio upungufu mkubwa kuliko yote katika mafunzo ya vijijini. Kwenye ardhi ngumu, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha pikipiki. Inayorusha watu ni breki iliyokamatwa kwa ghafla, hasa gurudumu likiwa limepinda au liko kwenye mchanga. Mwanafunzi apewe uwanja mtupu, kama kiwanja cha mpira asubuhi na mapema, na kwa siku kadhaa kazi yake iwe moja tu: kwenda polepole na kusimama, kwa breki zote mbili, akiminya kidogo kidogo. Baada ya hapo ndipo aende katika mafunzo rasmi na kutafuta leseni. Gharama ya mafunzo na leseni iandikwe kwenye karatasi ileile iliyoandikwa bei ya pikipiki.

Lami imeongezeka kusini, lakini haiendi mpaka kwenye mikorosho. Njia ya shamba ina mchanga mwingi wakati wa kiangazi, na masika udongo mweusi hunata kwenye matairi mpaka magurudumu yasizunguke. Katika mchanga, anayekaza mikono na kung'ang'ania usukani ndiye anayeanguka. Yafaa alegeze mikono, akae nyuma kidogo, aongeze moto kwa utulivu na kutazama mbali mbele yake, si chini ya gurudumu. Kwenye mashimo na mizizi asimame juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamelegea, ili miguu ipokee mishtuko badala ya mgongo. Akifika kwenye kijito kilichojaa, ashuke na kukipima kwa miguu na fimbo. Maji yakiwa yanakwenda kwa nguvu, hapana budi angoje, hata kama ghala litafungwa.

Kabla ya kuwasha moto kuna uchunguzi usiozidi dakika tano. Abonyeze matairi na kuangalia kama kuna mwiba. Atazame mnyororo: ukilegea sana huruka, ukikaza sana hukatika. Ajaribu breki zote mbili pikipiki ikiwa imesimama, aangalie oili, taa na nati za magurudumu, kisha ahakikishe stendi ya pembeni imekunjwa. Stendi iliyosahaulika hugonga chini kwenye kona ya kwanza ya kushoto.

Mzigo ni habari nyingine. Pikipiki nyingi zinazotumika huko zina uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi. Magunia mawili ya korosho, kila moja likiwa na kilo 80, ni mazito kuliko chombo chenyewe. Yakifungwa nyuma ya ekseli, huinua sehemu ya mbele; usukani unakuwa mwepesi na haugeuki vizuri, na kusimama kunahitaji nafasi ndefu zaidi. Ni heri safari mbili. Wengine hukimbilia guta, wakidhani gurudumu la tatu linaleta usalama. Lakini gurudumu la tatu haliinami kwenye kona kama pikipiki, na mzigo ukiwa juu sana huupindua. Huko Marekani zilipata kuuzwa pikipiki za porini zenye magurudumu matatu, za mwendeshaji mmoja. Baada ya ajali nyingi, hasa za watoto, watengenezaji walikubaliana na serikali mwaka 1988 kuacha kuziuza mpya. Hata zile za magurudumu manne zilizochukua nafasi yake hutolewa pamoja na onyo kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 asiendeshe chombo cha mtu mzima.

Sasa tuseme juu ya kofia ngumu, ambayo mara nyingi huonekana imening'inia kwenye usukani, au juu ya tanki la mafuta, kana kwamba tanki ndilo lenye ubongo. Tafiti za nchi mbalimbali zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kuwa kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ikae imara kichwani, ibane mashavu kidogo, na mkanda wake ufungwe chini ya kidevu. Iliyokwisha kupata kishindo kikubwa isivaliwe tena hata kama haionyeshi ufa. Abiria naye awe na yake. Akina mama wanaochukizwa na jasho la wengine wana haki. Kitambaa chembamba safi ndani ya kofia huondoa tatizo hilo.

Na kwa akina mama kuna jambo ambalo madereva hawalisemi. Ncha ya khanga au ya baibui ikiingia kwenye mnyororo au katika spoki, humvuta abiria chini pikipiki ikiwa mwendoni. Nguo ikusanywe na kukaliwa kabla ya kuondoka, na miguu iwe mbali na ekzosi. Mtoto asiketishwe juu ya tanki mbele ya dereva, kwani hapo yeye ndiye wa kwanza kugonga usukani. Viatu viwe vya kufunika mguu, si kandambili. Safari ya usiku iahirishwe ikiwezekana, kwa kuwa katika vijiji kadhaa vya wilaya hizi tembo huingia mashambani na hata kukatiza njia, na taa ya pikipiki haimulikii mbali.

Ajali ikitokea, wasamaria huwa na haraka ya kumwinua majeruhi na kumpakia kati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Kama ameumia shingo au mgongo, mwendo huo waweza kumpoozesha. Asiinuliwe kwa mikono na miguu, wala kofia isivutwe kwa nguvu akiwa anapumua vizuri. Damu inayotoka ikandamizwe kwa kitambaa safi, kichwa na shingo zishikwe zisitikisike, na litafutwe gari la kumlaza. Kutoka Nachingwea hadi Masasi ni kama kilomita 45. Mgonjwa wa Ruangwa aweza kupelekwa Ndanda kwa njia ya Nanganga. Na aliyevunjika vibaya huenda akasafirishwa mamia ya kilomita hadi Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili. Namba ya simu ya mwenye gari aliye karibu iandikwe mlangoni siku ileile pikipiki inapoingizwa nyumbani.