Mgeni anayelipa ili apewe jembe



Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumekua nayo, na kila mmoja wetu amewahi kuitumia, hasa kwa shemeji aliyekuja kusalimia akakaa mwezi mzima. Katika mkutano wetu wa mwisho, dada mmoja aliyesoma habari za Japani alituambia kwamba huko kuna wageni wanaolipa feza ili wapewe hilo jembe. Tulicheka sana. Kisha mama mmoja wa Walikale akauliza: "Na feza hizo anazipokea nani?" Kicheko kikakatika. Tangu siku hiyo swali hilo halijatutoka.

Ni kweli, Japani wamefika mbali katika jambo hili. Katika mji mdogo wa Ajimu, mkoa wa Oita, wakulima walianza mwaka 1996 kupokea wageni wa mjini ndani ya nyumba zao wenyewe. Mgeni halali hotelini. Analala kwa mkulima, anakwenda shambani pamoja naye, jioni anakata mboga jikoni na mama mwenye nyumba. Huko Tokushima, mahali panapojulikana kwa rangi ya buluu itokanayo na majani ya mmea, mgeni hachukui tu kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi. Anakifunga mwenyewe, anakichovya mwenyewe, anarudi kwao vidole vikiwa bado vya buluu. Na kila mwaka, kuanzia tarehe 12 hadi 15 Agosti, mji huo hucheza ngoma ya Awa Odori barabarani. Vikundi vya wenyeji hufanya mazoezi kwa muda mrefu, lakini kuna pia kikundi kilichofunguliwa kwa yeyote aliyefika siku hiyohiyo, hata kama hajui hatua moja. Anaonyeshwa kidogo namna ya kuinua mikono, kisha anaingia njiani na wengine.

Tulipoyasikia hayo, tuliangaliana. Sisi wa Masisi tuna nini cha kumpa mgeni ashike?

Tuna maziwa. Ufundi wa fromaji ulifika katika vilima vyetu miaka ya 1970 kupitia mapadri Wabelgiji, na ukabaki. Leo mtu akinunua fromaji Goma, huitaji fromaji ya Masisi bila kufikiri. Wengi wameila, wachache wameona inavyozaliwa, na hapo ndipo mgeni anapoweza kupata kazi. Maziwa ya asubuhi yakiwa bado na joto la ng'ombe yanachujwa kwa kitambaa na kumiminwa katika sufuria kubwa au pipa. Moto wa kuni unakuwa mdogo tu, maana maziwa hayatakiwi kuchemka. Yanatakiwa kuwa vuguvugu, fundi akichovya kidole asisikie moto wala baridi. Ndipo inatiwa dawa ya kugandisha, kidogo sana, na watu wanangoja. Huu ndio wakati mzuri wa kuzungumza na mgeni, maana hakuna awezaye kuharakisha maziwa.

Yakisha kuganda yanakatwa kwa kisu kirefu, vipande vidogo vidogo. Mgeni anaweza kuingiza mkono hapa, akiwa amenawa mpaka kwenye kiwiko, na kusikia vipande vikimteleza vidoleni. Maji ya maziwa yanatolewa, na hayatupwi, nguruwe wanayangoja. Kinachobaki kinakandamizwa ndani ya kifinyango na kuwekewa uzito juu yake, kisha kinalazwa katika maji ya chumvi, na mwisho kinapandishwa kwenye mbao kukaa wiki kadhaa, kikigeuzwa mara kwa mara. Lita 10 za maziwa zinatoa kilo moja hivi. Mwambie mgeni hesabu hiyo huku mkono wake bado umelowa, na hatabishana nawe tena juu ya bei.

Lakini tuseme ukweli kati yetu. Kwenye mashamba mengi ya ng'ombe, fundi wa fromaji ni mwanamume, na mama yuko mwishoni mwa njia, anauza barabarani au sokoni. Kama tutafungua mlango kwa wageni bila kujua nani anafundisha na nani analipwa, tutabaki palepale na beseni kichwani.

Yalishatupata. Miaka kadhaa iliyopita, kabla ya vita kufunga njia, mtu mmoja wa kutembeza wageni alileta watu wanne kutoka mjini. Mama mwenzetu aliacha kupalilia maharagwe yake akawapokea. Aliwafundisha kumenya mihogo na kuitwanga, akawapikia sombe na bukari, akawaonyesha namna ya kufunga kikwembe. Wale wageni walifurahi, wakapiga picha nyingi, hata picha za mtoto aliyekuwa anaoga. Mpokezi wao alikuwa ameshachukua malipo huko mjini. Mama yetu aliachiwa chupa mbili za maji na "asante sana". Alipotusimulia hakulia. Alisema tu kwamba palizi ya siku ile ilimpita, na mvua ikaja kesho yake.

Hatulaumu wageni. Pengine walidhani wamelipa, na kweli walikuwa wamelipa.

Walikale nao wana kitu kikubwa kuliko fromaji. Teritware yao ndiyo kubwa kuliko zote katika Kivu ya Kaskazini, na sehemu yake kubwa ni msitu. Wanyanga wa huko wana masimulizi marefu yaitwayo karisi, ambayo mtu mmoja huyaimba, huyasimulia na kuyacheza kwa mwili wake. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke alimsimulia Mbelgiji Daniel Biebuyck habari za shujaa Mwindo. Kazi hiyo ilichukua siku 12. Biebuyck na mwana wa Wanyanga, Kahombo Mateene, waliyaandika, na kitabu kikachapwa Marekani mwaka 1969. Kwa hiyo kuna wanafunzi katika nchi za mbali wanaomjua Mwindo, wakati watoto wetu wengi waliozaliwa mjini hawajawahi kumsikia.

Nasi wanawake tuna sababu ya kuyapenda masimulizi hayo. Yanaanza na mtemi Shemwindo, aliyeamuru wake zake wazae mabinti tu, kwa ajili ya mali ya kuoa. Mwindo akazaliwa mvulana. Baba akajaribu kumwua, akashindwa, akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mtoto akaenda zake ndani ya maji kumtafuta shangazi yake, Iyangura, na ni shangazi huyo anayesimama naye mpaka baba na mwana wanapatana. Wazee wetu walijua shangazi ni nani katika ukoo!

Karisi haisikilizwi kwa kukaa kimya kama kanisani. Kuna wanaopiga mti kwa vijiti, kuna wanaoitikia wimbo, kuna wanaoinuka kumpa msimuliaji zawadi wakati anaendelea. Kila aliyeketi pale ana kazi. Mgeni anaweza kupewa kijiti na kufundishwa mpigo mmoja, na usiku ule ukawa wake pia. Mama wa Walikale waliomo katika chama chetu wanasema pia ufumaji wa vikapu na mikeka unafundishika, ila mgeni ajue kwamba siku moja haitoshi hata kwa kitako cha kikapu. Anunue kilichokwisha, na kile alichoanza aende nacho kama kumbukumbu ya uvivu wa vidole vyake.

Sikukuu nazo tumekwisha kuzionja. Februari 2014 Festival Amani ilifanyika Goma kwa mara ya kwanza, siku tatu za muziki na ngoma, watu wa pande zote wakiwa uwanja mmoja. Jukwaani walisikika wanamuziki, lakini pembeni vyama vilikuwa na meza zao, na kwenye meza hizo wanawake waliuza chakula na kazi za mikono. Ng'ambo ya mashariki, kule Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, watu husherehekea Mwaka Kogwa kila Julai. Wanaume hupigana kwa migomba, kibanda cha majani huchomwa moto, wanawake huvaa nguo zao nzuri na kuimba. Kuna imani huko kwamba nyumba isiyokuwa na mgeni siku ile imekosa baraka. Kwa hiyo mtalii akipita tu anaitwa ndani ale. Tulilipenda jambo hilo. Kwao mgeni anahitajika ili sikukuu itimie, hakai pembeni kutazama.

Si wote kati yetu wanaokubali. Mama wawili walisema waziwazi kwamba ni aibu kuzungumza juu ya watalii wakati wengi wetu tumekimbia makwetu zaidi ya mara moja, na wengine hawajui kama ng'ombe mmoja amebaki. Wana haki. Hakuna mtu wa chama hiki atakayemwita mgeni katika njia ambayo sisi wenyewe tunaogopa kuipita. Bariyeri zikiwa nyingi, risasi zikisikika, jibu ni hapana, hata mgeni akionyesha dola.

Lakini mama mzee kuliko wote pale mkutanoni alisema neno lililotugeuza. Alisema anaye mjukuu wa miaka 11, aliyekulia katika kambi ya Bulengo na nyumba za kupanga za Goma. Mtoto huyo ni wa Masisi kwa baba na kwa mama, na hajawahi kugusa chuchu ya ng'ombe. Alipoonyeshwa maziwa mabichi alisema yananuka. "Huyo," alisema bibi yake, "ndiye mgeni wangu. Mzungu atangoje."

Basi tumeamua kuanza na hao. Kabla ya kumfikiria mgeni wa kutoka mbali, tutafundisha watoto wetu, na humo tutajifunza namna ya kufundisha, maana kujua kazi ni kitu kimoja na kumwonyesha mwingine ni kingine. Siku njia itakapofunguka na wageni wa kulipa wakaja, tumekubaliana kwamba malipo yatapokelewa na mama anayefundisha, mbele ya mgeni, kabla ya mikono kunawa. Sehemu ndogo itaingia katika sanduku la chama. Picha itaombwa, na mtoto asiyevaa hapigwi picha, hata kama mama yake yuko mbali. Mwenye kuleta wageni atapata chake kwa kazi yake ya kuwaleta, si zaidi. Bei yenyewe bado inabishaniwa. Wengine wanataka ihesabiwe kwa saa, wengine kwa mtu. Tutaimaliza mkutano ujao.

Jumamosi hii tunaanza na fromaji, saa mbili asubuhi, katika uwanja wa mama mwekahazina. Lita 20 za maziwa zimekwisha kuagizwa. Tunaomba kila mama alete mtoto mmoja au wawili wa miaka 8 kwenda juu, kitambaa cheupe kilichofuliwa, na kipande cha sabuni. Mwenye sufuria kubwa isiyovuja atujulishe kabla ya Ijumaa jioni. Wanaokaa mbali waje na chakula cha watoto, kwa sababu fromaji hiyo haitaliwa siku hiyo. Itakaa juu ya mbao wiki kadhaa, na watoto watapangiwa zamu ya kwenda kuigeuza.