Sukari, Ncha za Neva na Degedege la Malaria

Mvua zikishika Nachingwea na Ruangwa, malaria hupanda, na watoto wenye degedege huletwa wodini. Wengine hupitishwa kwanza kwa mganga, kwa kuwa degedege huku kusini mwa Tanzania limehusishwa na mashetani tangu zamani. Saa zinazopotea huko zinauumiza ubongo, kwa maana ubongo haujui kusubiri chakula.

Kwa mtu mzima, ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, mgao huo hupita asilimia 40. Nishati hiyo hutokana hasa na glukosi, nayo ubongo hauna akiba yake ya maana.

Glukosi haipenyi yenyewe kuta za mishipa midogo ya ubongo. Huvushwa na protini iitwayo GLUT1. Seli ya neva huipokea kwa GLUT3, inayoinasa hata ikiwa kidogo. Kazi nzito iko kwenye ncha ya neva, pale neva moja inapoipa nyingine ujumbe. Mwaka 2017 maabara ya Timothy Ryan, New York, ilionyesha jambo la kustaajabisha: ncha ikizidiwa na kazi, huitoa GLUT4 kutoka ndani na kuipandisha kwenye utando wake ili glukosi zaidi iingie. Ni protini ileile ambayo insulini huiamsha kwenye misuli. Ilipoondolewa, ncha zilishindwa kuendelea kutuma ujumbe.

Lakini protini hizi hupitisha tu sukari iliyomo kwenye damu. Mtoto mwenye malaria kali hajala, ini lake limeelemewa, na vimelea navyo vinakula glukosi, hivyo sukari hushuka. Dawa ya kwinini huzidisha hatari hiyo kwa kuchochea insulini, ndiyo maana naipenda zaidi dawa ya artesuneti. Sukari ikiwa chini ya milimoli 2.2 kwa lita, fahamu zinaweza kupotea na degedege linaweza kufuata. Si kila degedege linatokana na sukari, kwa hiyo tone la damu lipimwe sukari pamoja na malaria.

Hospitali ikiwa mbali, safari ianze mara moja. Mtoto anayeweza kumeza apewe maji ya sukari: vijiko 4 vya chai kwa mililita 200. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Degedege likikoma, alazwe ubavu, kijiko cha sukari iliyoloweshwa kidogo kiwekwe chini ya ulimi wake, na irudiwe kila dakika 10 hadi 20 mpaka afike.