Homa ya Mtoto na Majiko Yaliyomo Ndani ya Seli

Mwezi huu tuna swali moja: vidonge vya amoksilini vilivyobaki baada ya kikohozi, kwa nini tusimpe mtoto mwenye homa? Eti dawa ni dawa tu!

Jibu limo ndani ya seli. Kila kiumbe hai kina seli, nazo ni za aina kuu mbili.

Ya kwanza ni seli sahili, kama bakteria wa kipindupindu. Hiyo ni nyumba ya chumba kimoja: kulala humo, kupika humo. Haina kiini, na nguvu zake inazitengeneza kwenye utando unaoizunguka.

Ya pili ni seli changamani, kama zetu. Hii ni boma zima. Ina kiini, ina ghala, ina na majiko yanayoitwa mitokondria, ambayo hutumia oksijeni kugeuza chakula kuwa nguvu. Kumbe majiko hayo zamani yalikuwa bakteria! Zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita, seli moja ilimpokea bakteria ndani yake, naye akabaki. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa tuje kwetu Arua na Koboko. Malale huletwa na tripanosoma, kimelea anayebebwa na mbung'o. Ni seli moja tu, lakini changamani: ana kiini na mitokondria moja ndefu. Katika damu yetu yenye sukari jiko hilo hufanya kazi kidogo. Ndani ya mbung'o linawaka sana. Kimelea wa malaria naye ni seli changamani.

Amoksilini huvunja ukuta wa bakteria. Seli zetu hazina ukuta huo, ndiyo maana dawa haizivunji. Lakini vimelea wa malaria na malale nao hawana! Ukimpa mtoto vidonge hivyo, homa inaendelea na siku zinapotea bure.

Malale ilishindwa kwa kupima watu, kuwatibu, na kuweka vitambaa vya buluu vyenye dawa kando ya mito. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeiondoa malale ya gambiense kama tatizo la afya ya jamii. Hata hivyo mbung'o bado wapo.

Basi mzazi mwenzangu, uwe Lobule au Rhino Camp, mtoto akipata homa mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Apimwe damu kwanza, dawa baadaye.