Siku Moja kwa Senti Sita

BigQuery, ghala la data ambalo Google ililitangaza mwaka 2010, lina namna yake ya kutoza. Halijali jibu lina mistari mingapi. Linahesabu baiti lilizosoma ili kulipata. Kwa mteja anayelipa kadiri anavyouliza, bei ya Marekani tangu Julai 2023 ni dola 6.25 kwa kila tebibaiti, na tebibaiti ya kwanza ya kila mwezi ni bure.

Tuseme kampuni ina jedwali la miamala ya miaka 3, na kila siku zinaingia gigabaiti 10. Meneja anataka kuona miamala ya jana tu, na safuwima zake zote. Jedwali likiwa limerundikwa pamoja, swali hilo linapekua karibu tebibaiti 10, sawa na dola 62 hivi. Likiwa limegawanywa kwa tarehe, kila siku na fungu lake, ghala hufungua fungu moja na kuacha mengine yamelala. Gharama: senti 6. Swali hilohilo likiwekwa kwenye dashibodi inayojisasisha kila saa, jedwali lisilogawanywa litakula karibu dola 1,500 kwa siku moja.

Wengi hudhani amri ya LIMIT itawaokoa. Haiwaokoi. Ukiandika LIMIT 10 kwenye jedwali la kawaida, utaonyeshwa mistari 10, lakini utalipia jedwali zima, kama mtu aliyeamuru magunia yote yashushwe ghalani ili aonje punje.

Hata jedwali likigawanywa, tarehe lazima itajwe waziwazi. Mafungu ya kufunguliwa huchaguliwa kabla kazi haijaanza. Kwa hiyo, mtu akiandika “nipe siku ile ya mwisho iliyomo kwenye jedwali lingine”, siku hiyo bado haijulikani, na mafungu yote hufunguliwa. Dawa ni kuitafuta tarehe kwanza kwa swali dogo, kisha kuiandika kwenye swali kubwa. Makadirio ya baiti, ambayo mfumo huyatoa bure kabla ya swali kuendeshwa, yangewaepushia watu bili nyingi za kushtua. Ajabu ni kwamba wachache huyatazama.

Mwenye jedwali anaweza pia kuweka sharti kwamba asiyetaja tarehe asihudumiwe. Ndivyo yalivyowekwa majedwali ya wazi ya usomaji wa Wikipedia, yanayohesabu kurasa zilizofunguliwa saa kwa saa. Anayetaka kujua Wikipedia ya Kiswahili ilisomwaje akiomba “sw” pekee, anakataliwa hapohapo. Akiongeza siku au wiki anayoitaka, anajibiwa.

Kwa Afrika Mashariki kuna mtego mwingine, nao ni saa. Mafungu ya siku hukatwa kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 3. Siku ya ghala basi huanza saa tisa usiku kwetu, na kwa Kigali na Bujumbura saa nane usiku. Muamala uliofanyika saa saba usiku wa kuamkia Jumanne unahifadhiwa kwenye fungu la Jumatatu. Mhasibu akiuliza fungu la Jumanne peke yake, hesabu yake haitalingana na vitabu vya duka, na hakuna ujumbe wa kosa utakaomwonya. Inabidi aombe kuanzia saa 21:00 UTC ya Jumatatu hadi 21:00 ya Jumanne, yaani mafungu mawili, au tarehe ya hapa nyumbani iandikwe kwenye safuwima yake kabla data haijapakiwa, na jedwali ligawanywe kwa hiyo.

Wengine, wakitaka kubana gharama zaidi, hugawa kwa saa badala ya siku. Jedwali moja linaruhusiwa mafungu 10,000: kwa siku, yanatosha zaidi ya miaka 27, kwa saa, yanakwisha katika miezi 14 hivi.