Faili la Ukoo Halikubeba Picha za Babu

Swali ni lilelile, wanabadilika waulizaji tu: kaka wa Mombasa amemtumia dada yake wa Muscat faili la mti wa ukoo, dada amelifungua, majina yapo, picha za babu hazipo. Je, faili limeharibika njiani?

Halijaharibika. Picha hazikuwamo tangu mwanzo.

Faili hilo lenye .ged mwishoni, yaani GEDCOM, lilibuniwa mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, Marekani, ili programu tofauti za nasaba zipokezane habari. Ni maandishi matupu. Asiyeamini alifungue kwa Notepad: ataona 0 @I12@ INDI, kisha 1 NAME Salim /Hamadi/, kisha tarehe na mahali pa kuzaliwa. Akishuka zaidi atakuta 2 FILE C:\Picha\babu.jpg. Basi, picha yenyewe ndiyo hiyo: anwani ya folda iliyobaki Mombasa. Kompyuta ya Muscat itaijuaje?

Hapo ndipo waganga wa kompyuta hupata wateja. Mmoja atasema faili libadilishwe jina liwe .zip, kana kwamba jina jipya huzaa picha. Mwingine atashauri lifunguliwe kwenye Word na kuseviwa upya; likisevika kama .docx, programu ya nasaba hailisomi tena. Wa tatu, hatari kuliko wote, hulipitisha kwenye programu nyingine “lisafishwe”. Lisafishwe nini? Programu nyingi zina lebo zao za pekee, zinazoanza na alama ya _, na programu isiyozijua huweza kuzitupa kimyakimya. Faili likizungushwa hivyo mara mbili tatu, maelezo aliyoyakusanya shangazi kwa miaka yanapukutika, na hakuna onyo lolote linalotokea kwenye skrini.

Tarehe nazo zina mkasa wake. Toleo la 5.5.1 la GEDCOM, lililoenea mno, linaitambua hata kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa, lakini ya Hijria haimo. Familia za pwani ziiandike tarehe ya Hijria kama maneno ndani ya mabano: 2 DATE (Rajabu 1341).

Tukirudi kwenye picha, njia za kuzifikisha ni hizi. Wote wakitumia Gramps, programu ya nasaba ya bure, watumiane .gpkg, picha zinakwenda humo humo. Programu zote mbili zikikubali GEDCOM 7.0 ya mwaka 2021, kuna .gdz, nayo hubeba picha. La sivyo, folda ya picha itumwe pamoja na .ged, na mpokeaji aionyeshe programu yake folda ilipo. Wakati wa kutoa faili, usimbaji wa herufi uwe UTF-8. Habari za walio hai ziondolewe kwanza. Faili lifunguliwe kwenye mti mpya mtupu, si juu ya ule wa zamani, ama sivyo kila babu atazaliwa mara mbili.

Na aliyetuma asifute chochote kwake mpaka idadi ya watu na ya ndoa ilingane pande zote mbili.