Redio Yako Isikike Mpaka Wapi?

Safari hii tuzungumze juu ya jambo ambalo vikundi vingi huliona dogo, lakini limeharibu ujirani wa watu wengi: sauti ya muziki nyumbani.

Kikundi kilichokaribia kuvunjika

Mwaka jana niliitwa na kikundi kimoja cha akina mama. Waliniambia shida yao ni pesa. Michango ya mzunguko ilikuwa haitolewi, na wanachama watano walikuwa hawaji tena mikutanoni. Tulipekua daftari karibu saa mbili nzima, na hesabu zilikuwa sawa kabisa. Ndipo mama mmoja akasema, "Mwalimu, si pesa. Ni woofa."

Kumbe kijana wa mweka hazina alikuwa ameweka sola, kisha akanunua spika kubwa. Kila jioni aliitoa nje, akaielekeza barabarani, ikapiga mpaka saa sita usiku. Jirani yao, ambaye pia ni mwanachama, alikuwa akimwuguza mama mkwe wake, na mtoto wake alikuwa akijitayarisha kwa mtihani. Alipoenda kulalamika alijibiwa, "Si ni kwetu? Kwani nani alininunulia betri?" Tangu siku hiyo hakukanyaga boma lile tena, na mikutano ilifanyiwa pale pale. Wenzake wanne wakamfuata.

Je, mtu hana uhuru nyumbani kwake?

Anao. Muziki si dhambi, na nyumba bila furaha si nyumba. Lakini uhuru wa sauti ni tofauti na uhuru wa kiti. Kiti chako hukaa kwako. Sauti huvuka ua bila kubisha hodi.

Kuna methali isemayo kuwa kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Ni kweli, kwa sababu mlango ni wake na ameuzoea. Woofa ya jirani si mlango wake. Hawezi kuifunga.

Sheria inasema nini?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Katiba hiyo hiyo inazipa serikali za kaunti kazi ya kuzuia kelele zinazosumbua watu. Hata kabla ya hapo, kanuni za kelele zilitolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, inayosimamiwa na NEMA.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mtu akinong'ona ni kama desibeli 30. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kwa sehemu wanazokaa watu, kanuni za 2009 ziliweka kiwango cha nje ya nyumba kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku. Na hapa wengi hukosea. Usiku wa kanuni hizo hauanzi saa sita, wala saa nne. Unaanza mara tu baada ya saa mbili usiku, mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni juu kidogo tu ya kunong'ona. Kwa lugha rahisi: ikipita saa mbili, redio ni ya walio ndani ya nyumba.

"Lakini sisi hatuna kipimo," utasema. Si lazima. Kanuni zinakataza pia kelele yoyote isiyo na sababu inayosumbua wengine. Huangaliwa ni saa ngapi, nyumba za watu ziko karibu kiasi gani, kelele inarudiwa mara ngapi, kama imeongezwa nguvu kwa mitambo, na kama ingeweza kupunguzwa bila taabu wala gharama. Kwa redio, kupunguza ni kugeuza kitufe tu.

Na sisi wa kanisani tusijifanye hatuhusiki. Nyumba za ibada ziliwekewa 40 mchana na 35 usiku. Mkesha wenye spika nje humwamsha mgonjwa sawasawa na disko.

Kwa nini usiku sauti hufika mbali?

Mchana jua hupasha ardhi joto, na sauti hupinda kwenda juu. Usiku, hasa kukiwa na utulivu, hewa ya chini hupoa kuliko ya juu, na sauti hupinda kurudi chini. Tena mchana kuna kelele nyingine za kuifunika. Ndiyo maana redio isiyosikika saa nane mchana inasikika mpaka ng'ambo ya mto saa tano usiku, na hakuna aliyeiongeza.

Besi nayo ina tabia yake. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta kwa kiasi, lakini besi hupenya, ikatikisa mabati na madirisha. Jirani hasikii maneno ya wimbo. Anasikia dum-dum tu mpaka asubuhi.

Masikio ya wenyewe

Anayeumia kwanza ni mwenye redio na watoto wake. Shirika la Afya Duniani linashauri kusikiliza desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, muda hushuka mpaka saa 4 tu kwa wiki. Ukitoka kwenye muziki masikio yakilia "ngiii", yamechoka. Yakichoka mara nyingi, chembe ndogo za ndani ya sikio hufa, na hazioti tena.

Tufanye nini?

1. Washa redio yako kama kawaida, kisha toka utembee mpaka mlango wa jirani. Ukiisikia vizuri, punguza. Fanya hivyo pia usiku.

2. Rudisha spika ndani na uielekeze kwa wanaosikiliza. Usiiegemeze ukutani. Iweke juu ya gunia lililokunjwa, na upunguze besi kwanza.

3. Kama una arusi au matanga, waambie majirani mapema, na taja saa ya kuzima. Shughuli itakayopita kiwango inahitaji kibali. Uliza ofisi ya mazingira ya kaunti.

4. Ukisumbuliwa, usitume mtoto, wala usirushe mawe juu ya mabati. Nenda mwenyewe mchana, mkiwa mmetulia. Anza hivi: "Jirani, nimekuja na jambo dogo. Nina mgonjwa ndani, na usiku halali. Tunaweza kusaidiana vipi?"

5. Ikishindikana, enda kwa wazee wa kijiji, halafu kwa chifu. Andika tarehe na saa za kelele. Zikiendelea, peleka malalamiko kwa kaunti au NEMA. Kosa hili linaweza kumfikisha mtu kortini, lakini mahakama haiwezi kukurudishia ujirani.

Walivyomaliza wale akina mama

Mweka hazina alishikilia kuwa sauti ni ya kawaida. Wenzake hawakubishana naye. Walimwomba alale usiku mmoja kwa jirani yake, amsaidie na mgonjwa. Alienda. Saa tano usiku, akiwa ameshika kikombe cha uji, alisikia nyumba yake mwenyewe. Hakusema neno. Alivaa shuka, akavuka ua, akazima. Sasa spika iko ndani, na ikifika saa mbili inapunguzwa. Mwezi uliofuata wanachama wote walileta michango.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni kelele gani zinazotusumbua zaidi? Zinatoka kwa nani?

2. Je, kuna mwanachama aliyeacha kuja kwa sababu ambayo hatujamwuliza?

3. Sisi wenyewe tunasikika mpaka wapi? Nani atakubali kwenda kusikiliza kutoka kwa jirani?

4. Tukubaliane saa gani ya kupunguza sauti, na nani atatukumbusha?