Mzunguko wa Pabu za Vijijini katika Mabonde ya Yorkshire

Katika mabonde ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ipo njia ya miguu yenye urefu wa maili 76, yaani takriban kilomita 122, ambayo huanzia kijiji cha Grassington, hufuata bonde la mto Wharfe hadi Buckden, huvuka vilima kwenda Askrigg na Reeth, kisha hugeuka kusini kupitia West Burton na Kettlewell hadi irudi ilikoanzia. Mwandishi wa vitabu vya matembezi Mark Reid, aliyeipa jina la Inn Way, aliigawa katika siku sita na kuipitisha kwenye pabu 26 za jadi. Pabu ni nyumba yenye leseni ya kuuza pombe kwa umma, lakini kijijini kazi yake huzidi ile ya baa, kwa kuwa ndiyo pia mahali pa kula, ukumbi wa mikutano na, mara nyingi, nyumba ya kulala wageni.

Mtu anaweza kuiona safari hiyo kuwa kisingizio cha kunywa, na wapo wanaoifanya hivyo. Hata hivyo, maili 76 zikigawanywa kwa siku sita hutoa maili 12 na ushei kwa siku, mwendo unaokaribia sana ule wa waswagaji wa karne ya 18, ambao walitoa ng'ombe Uskoti na kuwapeleka kwenye masoko ya kusini bila kuwaharakisha, wasije wakakonda kabla ya kuuzwa. Watu hao walihitaji maji, malisho na kitanda kila jioni, na nyumba nyingi za njiani zilipata riziki kwa kuwapatia mahitaji hayo, mpaka reli za karne ya 19 zilipoichukua biashara ya mifugo. Wakati huohuo sheria ya bia ya mwaka 1830 ilimruhusu karibu kila mlipakodi kuuza bia nyumbani kwake kwa ada ndogo, na katika bonde la Swaledale wachimbaji wa madini ya risasi walikuwa wateja wa uhakika hadi migodi ilipodorora mwishoni mwa karne hiyo. Kwa hiyo vijiji vilibaki na pabu nyingi kuliko wakazi wa leo wanavyoweza kuzitunza peke yao.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na mtembeaji. Sheria ya mwaka 1949, iliyoanzisha pia hifadhi za taifa, ilizitaka serikali za mitaa zichore ramani za njia ambazo umma una haki ya kuzipita hata zinapokatiza shamba la mtu, na mabonde ya Yorkshire (Yorkshire Dales) yakatangazwa kuwa hifadhi mwaka 1954. Njia ndefu ya kwanza, Pennine Way, iliyofunguliwa mwaka 1965, huenda moja kwa moja kutoka Uingereza ya kati hadi Uskoti, hivyo humlazimu msafiri kutafuta usafiri wa kurudi. Njia ya duara humrudisha palepale alipoacha gari au aliposhukia basi, na hilo linafaa mahali ambapo mabasi ya vijijini ni machache.

Kinywaji chenyewe nacho kinamtegemea mpita njia. Bia ya pipa, ambayo huendelea kuchachuka ndani ya pipa lililowekwa kwenye stoo ya chini ya ardhi yenye ubaridi wa nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi, huvutwa kwa pampu ya mkono bila kusukumwa na gesi, na pipa likishafunguliwa huharibika baada ya siku chache. Pabu isiyo na wateja wa kutosha haiwezi kuiuza ikiwa nzuri, hata mwenye nyumba awe stadi kiasi gani. Shirika la CAMRA, lililoundwa mwaka 1971 kutetea bia ya aina hiyo, lilijikuta baadaye likitetea na nyumba zinazoiuza.

Mfano wa kuvutia kuliko yote wa pabu ambayo kazi yake huzidi ile ya baa uko Hubberholme, mwendo mfupi kutoka Buckden kuelekea upande wa juu wa mto. Katika pabu ya George Inn, kwa jadi, kila mwanzo wa mwaka huwashwa mshumaa na wakulima huanza kushindania ukodishaji wa malisho, huku fedha zinazopatikana zikitengwa kwa ajili ya maskini wa parokia. Mnada hukoma mshumaa unapozimika. Ni vigumu kuiita baa nyumba yenye kazi kama hiyo.

Hata hivyo, bia nafuu ya madukani na ununuzi wa nyumba kwa ajili ya likizo vimesababisha pabu nyingi kufungwa. Huko Hudswell, karibu na Richmond, wakazi waliinunua George and Dragon, wakaifungua tena mwaka 2010 pamoja na duka na maktaba, na CAMRA ikaitangaza kuwa pabu bora ya taifa ya mwaka 2016. Anayekusudia kuifuata njia ya Reid, awe mnywaji wa bia au wa chai, aweke nafasi za kulala mapema, kwa kuwa vijiji ni vidogo, majiko mengi hufungwa mapema jioni, na pabu iliyotajwa katika kitabu cha Reid huenda sasa ni makazi ya mtu.